Miji ya skii Marekani: Wanaoendesha mlima hawana pa kulala

Wiki iliyo kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ndiyo wiki ya mavuno kwa Park City, mji wa skii ulioko Utah, magharibi mwa Marekani. Hoteli hujaa, meza za migahawa huwekewa nafasi mapema, na familia husafiri kutoka kila upande wa nchi kuja kuteleza kwenye theluji.

Desemba 27, 2024, katika wiki hiyohiyo, walinzi wa doria wa mlimani wapatao 200 waligoma.

Hawa ndio watu wanaopanda mlima alfajiri wakiwa na baruti, wakailipua theluji inayotishia kuporomoka kabla mgeni wa kwanza hajakalia kiti cha lifti. Ndio wanaomteremsha aliyevunjika mguu kwa machela ya kuburuta. Bila wao mteremko haufunguliwi. Haukupita muda sehemu kubwa ya mlima ikawa imefungwa, na wageni waliokwishalipa fedha nyingi wakasimama kwenye foleni ndefu za lifti chache zilizokuwa zikifanya kazi.

Dai lao kuu lilikuwa mshahara wa kuanzia upande kutoka dola 21 hadi dola 23 kwa saa. Dola mbili. Mwajiri wao, kampuni ya Vail Resorts, ilikuwa imeununua mlima huo mwaka 2014 kwa dola milioni 182.5.

Mgomo ulikaribia wiki mbili. Januari 8, 2025 walinzi walipiga kura kuukubali mkataba mpya. Dola mbili zilipatikana, na wakongwe wakaongezewa zaidi ya hapo.

Mgomo ule ulitangazwa kama mgogoro wa mishahara, na ni kweli ulikuwa hivyo. Lakini waliobeba mabango walieleza pia jambo zito zaidi: kwa malipo yale, kuishi katika mji wanaoulinda kulikuwa kunawashinda.

Park City ina wenzake wengi. Aspen, Vail, Breckenridge, Steamboat Springs na Crested Butte huko Colorado, na Jackson huko Wyoming, yote ni miji midogo inayoishi kwa theluji. Anayeitembelea kwa wiki moja huondoka akiamini ameona pepo. Anayehamia humo kufanya kazi hukutana na hesabu tofauti kabisa, na makala haya yanamfuata huyo wa pili.

Machimbo yalipofungwa

Aspen ilizaliwa na madini. Wachimbaji wa fedha walivuka milima ya Rocky mwaka 1879, na haikuchukua muda mrefu mji ukawa na watu zaidi ya 10,000, hoteli ya kifahari na jumba la opera. Mwaka 1893 Serikali ya Marekani ilipoacha kununua fedha hiyo kwa wingi, bei ilianguka na machimbo yakafungwa. Kufikia miaka ya 1930 walibaki watu 700 hivi.

Theluji iliyokuwa adha kwa wachimbaji ndiyo iliyoufufua mji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani lilijenga Camp Hale, karibu na Leadville, kuwafunza askari wa Divisheni ya 10 ya Milimani kupigana wakiwa kwenye skii. Walipigana Italia. Waliporudi, baadhi yao waliikumbuka ile milima.

Mmoja wao, Pete Seibert, akishirikiana na mwenzake Earl Eaton, alifungua Vail mwezi Desemba 1962 katika bonde lililokuwa la wafugaji wa kondoo. Hapakuwa na mji pale. Mji ulijengwa kwa ajili ya mteremko.

Huko Aspen, mwenye viwanda kutoka Chicago, Walter Paepcke, aliwekeza katika kampuni ya skii iliyoanzishwa mwaka 1946. Yeye hakutaka skii peke yake. Mwaka 1949 aliandaa tamasha la miaka 200 ya mshairi Goethe, na Dk Albert Schweitzer akasafiri kutoka hospitali yake ya Lambaréné, Gabon, hadi kwenye bonde lile. Ndiyo ziara pekee aliyowahi kuifanya Marekani. Tamasha la muziki lililotokana na mkusanyiko ule linaendelea kila majira ya joto hadi leo.

Park City nayo ilikuwa ya wachimbaji. Fedha ilipoishiwa thamani, mlima wake ulifunguliwa kwa skii mwaka 1963 kwa msaada wa mkopo wa Serikali Kuu, uliotolewa ili watu wa pale wapate kazi.

Nalisisitiza hili kwa sababu husahaulika upesi. Nyingi ya sehemu hizi zilikuwa makazi ya wafanyakazi kabla hazijawa za wageni, na huko Park City fedha ya umma iliingia kwa ajili ya wafanyakazi hao.

Mema yake ni ya kweli

Ukimsikiliza mkazi wa miji hii akisimulia kwa nini hahami, huwezi kumwona mjinga.

Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha makadirio ya umri wa kuishi kwa kila kaunti ya nchi yao, zaidi ya kaunti 3,000, kwa takwimu za mwaka 2014. Tatu za kwanza zote zilikuwa Colorado, na zote ni za skii. Kaunti ya Summit, iliko Breckenridge, ilikuwa na miaka 86.8. Pitkin, iliko Aspen, 86.5. Eagle, iliko Vail, 85.9.

> Kaunti tatu za Marekani ambako watu waliishi muda mrefu kuliko kwingine kote zilikuwa kaunti za skii: Summit, Pitkin na Eagle.

Sehemu ya maelezo ni utajiri. Wenye nacho na wenye afya ndio wanaomudu kuhamia huko, na mgonjwa wa moyo au wa mapafu mara nyingi hushauriwa kushuka kwenda penye hewa nzito. Breckenridge iko zaidi ya mita 2,900 juu ya usawa wa bahari. Mgeni hulala usiku wa kwanza akiumwa kichwa. Lakini sehemu nyingine ya maelezo ni maisha yenyewe. Watu hutembea, huendesha baiskeli, hupanda milima, na majira ya baridi yakifika wazee wa miaka 70 bado wapo kwenye mteremko.

Huduma za umma nazo ni za kuonewa wivu. Mabasi ya Vail na ya Breckenridge hayatozi nauli. Kodi ya mauzo inayolipwa na wageni hujenga maktaba, viwanja na vituo vya michezo ambavyo mji wa watu 5,000 mahali pengine usingethubutu kuviota. Vail yenyewe, kwa sensa ya mwaka 2020, ilikuwa na wakazi 4,835. Aspen ilikuwa na 7,004.

Kisha kuna watoto. Mtoto aliyekulia chini ya mlima hupata kitu ambacho tajiri wa jiji hawezi kumnunulia wake kwa likizo ya wiki moja. Wakenya wanalijua hili kupitia Sabrina Simader: alizaliwa Kilifi mwaka 1998, akahamia Austria akiwa mdogo, akajifunza skii kwa baba yake wa kambo kwenye milima ya huko. Mwaka 2018 aliingia Pyeongchang, Korea Kusini, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki ya Majira ya Baridi. Mama yake angebaki pwani, huenda asingeiona theluji kabisa.

Kijana wa kazi za msimu naye ana faida yake. Tiketi ya lifti ya siku moja pale Vail, ikinunuliwa dirishani katika siku za msimu mkuu, imeshapita dola 300. Mfanyakazi wa mlima hupewa pasi ya msimu bure, akateleza asubuhi na kuingia jikoni jioni. Wapo waliokuja kwa msimu mmoja wakabaki miaka 30, na sidhani walikosea.

Kodi ya nyumba inapoula mshahara

Ubaya unaanza mlangoni pa nyumba.

Ardhi ni chache, na uchache huo una sababu. Karibu asilimia 80 ya Kaunti ya Summit ni mali ya Serikali Kuu, hasa msitu wa White River, ambao ndani yake mna miteremko ya Aspen, Vail na Breckenridge. Kampuni za skii hukodi mlima kutoka idara ya misitu ya Marekani. Kinachobaki kwa ajili ya nyumba, shule, gereji na maduka ni ukanda mwembamba wa bonde.

Katika ukanda huo, zaidi ya nusu ya nyumba za Vail na Breckenridge hazina mkazi wa kudumu. Ni nyumba za pili za watu wa Denver, Dallas, New York au Mexico City. Nyingine hupangishwa kwa siku mbili tatu kupitia intaneti. Mwenye nyumba anayeweza kupata kwa wikiendi moja kodi ambayo mwalimu angemlipa kwa mwezi hamtafuti mwalimu.

Kisha ikaja Korona. Machi 14, 2020 Gavana wa Colorado, Jared Polis, aliamuru milima yote ya skii ifungwe, kwa kuwa kaunti za skii zilikuwa miongoni mwa za kwanza kushambuliwa na ugonjwa katika jimbo hilo. Miezi michache baadaye, wenye kazi zinazofanyika kwa kompyuta walitambua kwamba wanaweza kuishi mlimani na kulipwa mshahara wa jijini. Walinunua. Mwezi Juni 2021 Crested Butte ilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya nyumba, kama mji unavyotangaza dharura kwa mafuriko. Wafanyakazi walikuwa hawapatikani, na migahawa ilikuwa ikifunga siku kadhaa za wiki katikati ya msimu kwa kukosa wapishi na waosha vyombo.

Huko Aspen bei zimekwenda mahali ambapo maneno hayazifikii. Katika miaka ya karibuni wastani wa bei ya nyumba ya familia moja umepita dola milioni 10.

Tuweke hesabu ya mfanyakazi pembeni ya bei hiyo. Vail Resorts ilipandisha kima chake cha chini hadi dola 20 kwa saa kuanzia msimu wa 2022/23, juu ya kima cha chini cha jimbo. Kwa saa 40 kwa wiki, hiyo ni kama dola 3,460 kwa mwezi kabla ya makato. Nyumba ya chumba kimoja na sebule humeza kwa urahisi zaidi ya nusu ya fedha hiyo. Bado hajala, na chakula kimepandishwa mlimani kwa lori. Bado hajalipa bima ya afya. Mwaka 2014, mpango wa bima ya afya uitwao Obamacare ulipoanza, kaunti hizi za Colorado zilikuwa na bei za bima za juu kuliko zote Marekani.

Kwa hiyo watu hukaa wanne kwenye vyumba viwili. Hulala kwenye magari na kwenye matrela, kwenye baridi inayoshuka nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwishoni mwa mwaka 2023, makumi ya wahamiaji kutoka Venezuela walikuwa wakilala chini ya daraja huko Carbondale, kilomita 50 hivi chini ya Aspen, wakati majumba ya vyumba kumi yalikuwa yamefungwa juu ya bonde yakisubiri wenyewe waje kwa Krismasi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika miji hii mgeni hapewi jembe kamwe; na aliyeshika jembe hana godoro.

Barabara moja, mabasi ya alfajiri

Aspen hufikiwa kwa barabara namba 82. Upande wa mashariki barabara hiyo hupanda Independence Pass, karibu mita 3,700 juu ya bahari, na hufungwa kwa theluji kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa Mei. Majira yote ya baridi mji ni kikomo cha njia: anayeingia na anayetoka hutumia upande uleule.

Kabla ya mapambazuko upande huo hujaa. Ni mafundi seremala, wasafisha vyumba, wauguzi, walimu wa chekechea, madereva wa matrekta ya kusawazisha theluji wanaomaliza zamu ya usiku. Wengi hutoka Glenwood Springs, kilomita 65 chini. Wengine hutoka Rifle, zaidi ya kilomita 100, kwenda tu. Mamlaka ya usafiri ya bonde hilo, RFTA, ilianzisha mwaka 2013 mabasi ya mwendo kasi ya kwanza katika eneo la vijijini nchini Marekani. Dar es Salaam ilipata yake mwaka 2016 kwa sababu jiji ni kubwa mno. Bonde la Aspen lilihitaji yake kwa sababu mji ni mdogo mno kuwalaza wanaoutumikia.

> Wanaosafisha vyumba vya Aspen huweza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwenda kazini, na umbali uleule kurudi.

Leadville ni hadithi ya namna hiyohiyo kwa upande wa Vail na Breckenridge. Mji huo uko mita 3,100 hivi juu ya bahari. Mgodi wake mkubwa wa Climax ulipopunguza watu miaka ya 1980, wachimbaji na wake zao walianza kuvuka milima kwenda kutandika vitanda na kuosha vyombo kwenye miji ya skii. Watoto na wajukuu wa wahamiaji wa Mexico wanaendelea kuivuka leo, Tennessee Pass kwa upande mmoja na Fremont Pass kwa upande wa pili, kwenye barafu.

Barabara ikikatika, kila kitu husimama. Majira ya joto ya mwaka 2021 maporomoko ya matope yaliifunga barabara kuu ya I-70 kwenye korongo la Glenwood kwa wiki mbili hivi. Msitu wa juu yake ulikuwa umeungua mwaka mmoja nyuma. Safari ya kutoka Denver iligeuka kuwa mzunguko wa saa nyingi.

Nani hataki zijengwe?

Mtu anaweza kudhani jibu ni rahisi: jengeni. Lakini hapa ndipo pande zinapokabiliana, na kila upande una hoja ya kusikilizwa.

Wapo wanaoogopa mji kukua. Hofu hiyo ina historia ya heshima. Mwaka 1970 mwandishi Hunter S. Thompson aligombea nafasi ya sherifu wa Kaunti ya Pitkin, na miongoni mwa ahadi zake ilikuwa kung'oa lami ya barabara za Aspen na kuubadili jina mji huo ili wauza ardhi wakimbie. Alishindwa kwa kura chache kuliko wengi walivyotarajia. Mwaka 1972 wapiga kura wa Colorado walikataa kugharimia Olimpiki ya 1976 iliyokuwa imekwishatolewa kwa Denver, wakihofia milima na mifuko yao. Michezo ikahamishiwa Innsbruck, Austria. Hakuna mji mwingine uliowahi kupewa Olimpiki ya Majira ya Baridi ukairudisha kwa kura ya wananchi.

Hofu hiyohiyo leo humwangukia mfanyakazi. Vail Resorts ilitaka kujenga nyumba za wafanyakazi mashariki ya Vail, kwenye kiwanja ilichokuwa nacho kando ya barabara kuu. Eneo hilo ni malisho ya majira ya baridi ya kondoo mwitu wenye pembe kubwa, kundi dogo lisilo na pengine pa kwenda theluji ikiwa nene. Wakazi waligawanyika vibaya. Mwaka 2022 baraza la mji lilipiga kura kukitwaa kiwanja hicho kwa nguvu ya sheria ili kondoo wabaki.

Siwezi kuwadharau waliowatetea kondoo wale. Mnyama hana kura. Lakini nyumba za matajiri zilizotapakaa kwenye bonde lilelile zilijengwa miaka yote bila kura kama hiyo, na ni za wapishi zilizokwama.

Steamboat Springs ilikuwa na nafasi kubwa zaidi. Mwaka 2021 mfadhili asiyetaka kutajwa aliipa mamlaka ya nyumba ya eneo hilo fedha za kununua shamba la ekari 536, Brown Ranch, kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato cha kawaida. Mpango ulikuwa nyumba zaidi ya 2,200. Machi 2024 wapiga kura wa mji walikataa kuliingiza shamba hilo ndani ya mipaka yao. Walihofia gharama za maji, barabara na shule, na hofu hizo hazikuwa za uongo. Ila waliopiga kura ni wale waliokwishapata nyumba. Muuguzi anayelala mji wa jirani hakuwa na karatasi ya kura.

Wenye nyumba za kupangisha kwa siku nao wana lao. Wanasema wanalipa kodi ya majengo bila kuwapeleka watoto shule za mji. Kwamba wageni wao ndio wanaojaza migahawa. Kwamba wengine wao ni wenyeji wastaafu wanaotegemea kodi ya wapangaji kulipa mkopo wa benki. Breckenridge iliweka ukomo wa leseni mwaka 2021. Steamboat ilipitisha mwaka 2022 kodi ya asilimia 9 kwa upangishaji wa namna hiyo, fedha ziende kwenye nyumba. Wenye nyumba walilalamika. Kwa maoni yangu miji hiyo ilifanya haki: anayefanya biashara ya hoteli katikati ya mtaa wa makazi achangie makazi.

Walichofanya Aspen mapema

Watu huisema Aspen kwa majumba yake. Ni haki pia isemwe kwa kitu kingine.

Tangu miaka ya 1970 na 1980 mji huo na kaunti yake viliamua kwamba sehemu ya nyumba itatolewa kabisa kwenye soko. Leo kuna zaidi ya nyumba 3,000 ambazo hati zake zimewekewa sharti: anayeishi humo lazima afanye kazi ndani ya kaunti, na bei ya kuiuza imewekewa kikomo cha kupanda kwa mwaka. Nyumba ikipatikana, wanaostahili huingia kwenye bahati nasibu. Ndiyo sababu Aspen bado ina walimu, mafundi bomba na waandishi wa habari wanaolala mjini.

Fedha hutoka kwa matajiri wenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila nyumba ikiuzwa Aspen, mnunuzi hulipa kodi ya uhamisho ya asilimia 1 inayokwenda kwenye nyumba za wafanyakazi. Nyumba ya dola milioni 20 huacha karibu dola 200,000 kwenye mfuko huo.

Mpango huo una kasoro kubwa. Waliopata nyumba wakiwa vijana sasa wamestaafu, wana haki ya kubaki, na vijana wanaowafuata hawana pa kuingia. Majengo ya zamani yanahitaji ukarabati ambao wenye nyumba hawana akiba yake. Mtu mwenye nyumba ya namna hiyo hawezi kutajirika nayo kama jirani yake, na akihama bonde huondoka na kidogo.

Pamoja na hayo, naona ndiyo njia iliyofaa kuliko zote zilizojaribiwa. Vail iliiga kwa mtindo wake mwaka 2017: mji humlipa mwenye nyumba fedha taslimu ili akubali kuweka kwenye hati sharti la kudumu kwamba nyumba hiyo itakaliwa na mtu anayefanya kazi kaunti hiyo. Hakuna tofali jipya linalowekwa, hakuna kondoo anayefukuzwa. Tatizo ni kwamba ilianza miaka 55 baada ya mlima kufunguliwa, bei zikiwa zimeshapaa.

Aprili, lifti zikisimama

Lifti nyingi hufungwa katikati ya Aprili. Hapo huanza wiki za tope: theluji inayeyuka, migahawa inafungwa, mishahara inakatika, marafiki wa msimu wanatawanyika. Hali hurudi tena Oktoba. Asiye na akiba huhama au hukopa.

Upweke wa vipindi hivi, pombe iliyo kila mahali, na aibu ya kuhuzunika mahali ambapo kila mgeni anafurahi, vimewaumiza wengi. Miji hii imepoteza watu kwa kujiua kiasi cha kuwafanya viongozi waseme wazi. Wapiga kura wa Kaunti ya Eagle walikubali mwaka 2017 kodi ya bangi, ambayo Colorado imeihalalisha, igharimie huduma za afya ya akili. Mwaka 2019 hospitali ya Vail iliahidi dola milioni 60 kwa kazi hiyo ndani ya miaka 10. Ni kaunti ileile iliyokuwa ya tatu kwa watu kuishi miaka mingi.

Na theluji yenyewe haina uhakika. Mizinga ya kutengenezea theluji huanza kunguruma Oktoba na Novemba, ikila maji na umeme, kwa sababu mbingu haziaminiki tena. Utafiti wa mwaka 2018 ulikadiria kwamba mwaka wa theluji haba huigharimu Marekani zaidi ya dola bilioni moja na ajira 17,400 ukilinganishwa na mwaka wa wastani. Ajira za kwanza kuondoka ni za msimu.

Kwa anayefikiria kwenda

Wafanyakazi wengi wa msimu ni wanafunzi wa vyuo waliopewa viza ya J-1, hasa kutoka Peru, Argentina na Chile, ambako Desemba hadi Machi ni likizo ndefu. Kaunti ya Summit ina jamii ya Waafrika, wengi wao kutoka Mauritania na Senegal, waliokaa miaka mingi, wakajenga familia na kuswali pamoja mita 2,700 juu ya bahari. Denver, saa mbili hivi kwa gari wakati njia iko wazi, ina maelfu ya wahamiaji wa Afrika Mashariki na Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Kazi za mlimani si ndoto ya mbali kwa kijana wa kwetu aliyeko huko, au kwa mwanafunzi anayetafuta viza.

Kazi zipo, na mishahara kwa saa huonekana mikubwa ukiigeuza kuwa shilingi. Usiigeuze. Kabla ya kusaini, dai majibu matatu kwa maandishi: utalala wapi na kodi ni kiasi gani kwa mwezi; utafika vipi kazini alfajiri theluji ikiwa nene; na mkataba unaisha tarehe gani, ukiwa na siku ngapi za kuondoka kwenye chumba baada ya hapo. Waajiri wazuri wa miji hiyo wana vyumba vya wafanyakazi na watakujibu siku hiyohiyo. Anayekwambia njoo kwanza, chumba utakitafuta ukifika, usimsainie.